Wanaosubiriana Namkulya

Nangurukuru haina subira na mtu. Basi la kutoka Dar likisimama pale njia panda, wauza korosho, mayai ya kuchemsha na maji baridi wanalivamia madirishani kabla vumbi halijatulia, na anayesita kidogo anauziwa asichokitaka. Ni hapo hapo, asubuhi moja ya Jumatatu yenye jua la kuchoma utosi, Haruna Maftaha aliporudi kutoka kununua maji akakuta mwanamke amelikalia kasha lake la chanjo.

Kwanza alikasirika. Kasha lile la bluu, lenye barafu ndani, alikuwa ameliweka kivulini kwa uangalifu wote. Kisha akamtazama vizuri aliyelikalia, na hasira ikapungua kidogo. Gauni la kitenge lenye maua ya njano, ushungi mwepesi wa njano uliomkaa sawasawa, raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi la safari. Daftari lilikuwa gotini na kalamu inakimbia, na kelele zote zile za stendi zilikuwa hazimhusu.

"Dada," Haruna akasema, "umewakalia watoto mia moja na ishirini wa Namkulya."

Mwanamke aliruka kama aliyeng'atwa na siafu. "Watoto?"

"Chanjo ya surua. Dozi mia na ishirini, na kila dozi ina mwenyewe."

"Jamani, kaka yangu, samahani! Nilidhani ni kasha la samaki."

"Samaki gani hao wasionuka?"

Akacheka. Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake, mpaka muuza mayai akageuka kuangalia kuna nini. Na badala ya kuondoka na aibu yake kama ambavyo mtu mwingine angefanya, akaanza maswali. Kasha linashika baridi kwa muda gani? Pikipiki ikiharibika porini inakuwaje? Siku ya kliniki kina mama wanaanza kufika saa ngapi?

"Wewe ni mkaguzi?" Haruna akauliza.

"Mbaya zaidi. Mimi ni mchumi wa afya." Akaweka mkono kifuani. "Dokta Umi Abdurahmani. Nafundisha chuo kikuu Dar, lakini kwetu Milola, kwa hiyo usinifanye mgeni."

"Mimi Haruna. Tabibu. Kijijini wananiita daktari na cheti changu hakisemi hivyo. Wewe umeusomea udaktari mpaka mwisho, na mafua huyatibu."

"Basi wote wawili tunawadanganya watu," Umi akasema, na kicheko kile kikatoka tena. Haruna akajua, pale pale kwenye harufu ya korosho za kukaanga, kwamba amekwisha.

* * *

Umi alikuwa amekuja kwa utafiti. Vituo vya afya kumi vya pwani ya Lindi, na swali moja tu: mgonjwa anapoteza muda gani kwa ajili ya kutibiwa? Aliposikia jina Namkulya mara ya pili alifungua daftari, akatazama, akainua nyusi.

"Hicho kituo kimo kwenye orodha yangu. Nilichanganya vikaratasi kwenye kikapu, kikatoka cha nne."

"Basi kikapu chako kinanipenda."

"Kikapu hakina macho, Daktari. Na mimi kazini sikujui. Tuelewane mapema."

Walielewana. Kwa wiki mbili, msaidizi wake Mwalimu Klementi, mstaafu anayeheshimu saa kuliko chakula, alikaa kwenye lango la zahanati na kuandika kila anayeingia na kila anayetoka. Umi mwenyewe alizunguka vituo vingine, akapita Namkulya mara mbili tu, na mara ya pili mama yake Haruna alimlazimisha kula ugali na kisamvu cha nazi. Bibi yule alimtazama mgeni wake akila, akamtazama na mwanawe asiyekula, akamwongezea mgeni kisamvu kama mtu aliyeelewa.

Utafiti ukaisha, Umi akarudi Dar, simu zikaanza.

Namkulya mtandao unapatikana sehemu moja, nyuma ya tangi la maji la zahanati, na hata hapo ni kwa kusimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila jioni baada ya Alasiri nesi Rosa, anayefanya kazi na Haruna, alimwona bosi wake anapanda ndoo.

"Halo, mchumi wangu."

"Halo, laazizi. Umepanda ndoo?"

"Nimepanda. Rosa ananicheka."

"Mwambie hiyo ni miundombinu."

Siku moja kwenye ndoo ile Haruna alimuuliza kitu alichokuwa akikitafakari muda mrefu. Kwa nini, katika masomo yote ya dunia, mtu anayetoka Milola achague hili la kuhesabu dakika za wagonjwa?

Umi akamweleza. "Mdogo wangu alikuwa na pumu. Mama akimpeleka hospitali, siku hiyo shamba halipaliliwi. Mwaka mmoja alimpeleka siku kumi na saba, na magugu yakatushinda, na njaa ikaja. Wizarani ikaandikwa kwamba mtoto ametibiwa bure. Bure, Haruna! Zile siku kumi na saba za mama yangu hakuna mtu aliyeziandika mahali popote. Mimi nasoma ili ziandikwe."

Haruna alishuka kwenye ndoo siku hiyo amejaa heshima mpaka kooni. Alikuwa amempenda kwa kicheko. Sasa alimpenda kwa hicho alichokibeba, na hilo la pili ni gumu zaidi kupona.

* * *

Mwezi wa tano halmashauri iliita kikao mjini Lindi. Kulikuwa na jengo moja la kujifungulia la kutolewa, vituo viwili vinaligombea, na Namkulya ni kimojawapo. Matokeo ya utafiti wa Dokta Umi ndiyo yangesaidia kuamua. Haruna alivaa shati lake la drafti lililopigwa pasi na mama, akakaa mstari wa tatu. Miaka sita alikuwa akizalisha wanawake kwenye chumba cha sindano, pazia likiwa ndio mlango.

Umi alisimama mbele na suti ya kitambaa cha kijivu na ushungi mweupe, akazungumza Kiswahili safi kisichojificha nyuma ya maneno makubwa. Watu waliokuja kusinzia hawakusinzia. Haruna alitamani kumnong'oneza kila aliyekaa karibu: yule ni wangu.

Ndipo picha ikabadilika ukutani. Vituo kumi bila majina, herufi tu, na nguzo za rangi. Nguzo ya kituo H ilizipita zote kwa mbali.

"Kituo H," Umi akasema, na sauti ikapungua nguvu kidogo, "siku ya kliniki mgonjwa anakaa kwa wastani wa saa tano na dakika kumi. Ni kituo chenye tabibu mmoja na nesi mmoja, mbele ya kijiji cha Kikole."

Hakuna aliyehitaji jina. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mtu wa mstari wa tatu. Mganga mkuu wa wilaya alivua miwani yake akaifuta, na jirani yake akasema kwa sauti ya kusikika, "Sasa ukiwapa jengo watu hawa, si watalala humo?" Wakacheka wachache.

Haruna hakusubiri chai.

Umi alimpigia Haruna simu mara tisa siku ile. Ya kumi Haruna aliijibu kwa ujumbe: *Umenihesabu vizuri. Asante.* Siku ya nne ndipo akapanda ndoo akapokea.

"Haruna, kwa nini unanikimbia?"

"Ulikula ugali mezani kwa mama yangu, kumbe unashika saa."

"Hiyo si haki. Nilikwambia kazini sikujui. Ulitaka nikujue ili nikupunguzie?"

"Sitaki kupunguziwa! Mimi saa moja asubuhi nimefungua mlango. Mchana sili. Miaka sita, Umi. Halafu watu wazima wananicheka kwa sababu ya nguzo yako."

"Basi nionyeshe kosa. Kama lipo nitalitoa hadharani. Lakini usinune tu, siwezi kuandika kununa kwako kwenye ripoti."

"Andika unavyotaka, Dokta."

Akakata. Kuitwa "Dokta" na mtu aliyezoea kukuita mchumi wangu kunauma, na Haruna alijua kunauma, ndiyo maana alisema. Alishuka kwenye ndoo akaipiga teke. Nesi Rosa aliiokota, akaisimamisha mahali pake.

Kilichomuuma zaidi hakumwambia mtu. Alianza kujishuku. Labda ni kweli. Labda yeye ni mzembe na miaka sita yote hakujijua.

* * *

Jumatano iliyofuata, siku ya kliniki ya wajawazito na watoto, Haruna alifungua mlango saa moja kamili akakuta baraza limejaa kama kawaida. Wanawake kumi na mmoja wa kitongoji cha mlimani, khanga zimelowa umande, watoto mgongoni. Na kwenye benchi la mwisho, kati ya Marietha na Apolonia, mtu wa kumi na mbili: raba nyekundu za vumbi, ushungi wa njano, daftari gotini.

"Asalaam aleikum, Daktari," Umi akasema kwa upole.

"Waaleikum salaam. Unaumwa?"

"Siumwi. Endelea na kazi. Kazini sikujui."

Haruna aliendelea na kazi. Mara kwa mara aliangalia dirishani. Umi hakumtazama yeye. Alikuwa akimfuata Marietha kila hatua: mezani kwa Rosa, kwenye mizani, kwenye sindano, kwenye dirisha la dawa. Marietha alitoka saa mbili kasorobo, kadi mkononi, mtoto amenyamaza. Akarudi barazani akakaa.

Umi naye akakaa. Ikapita saa mbili na nusu, ikapita saa tatu. Marietha alitoa muhogo wa kuchemsha kwenye fundo la khanga, akamkatia na mgeni wake.

Haruna alikuwa amesimama mlangoni aliposikia Umi anauliza, "Dada Marietha, wewe si umemaliza zamani? Unasubiri nini?"

Marietha alimshangaa. Hata aliyemaliza chuo kikuu anaweza kuuliza swali la kitoto namna hii.

"Nawasubiri wenzangu."

"Wote?"

"Sasa niondoke na nani? Bondeni kuna tembo. Tumekuja kumi na mmoja, tunaondoka kumi na mmoja. Na huyu," akamgusa Apolonia, aliyekuwa na mimba ya miezi minane na miguu imevimba, "hatembei haraka, na mpaka apumzike kwanza ndipo tuanze kupanda. Saa sita hivi tunaondoka. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Daktari mwenyewe anajua."

Umi aliacha kutafuna. Akafungua daftari kurasa za nyuma, kidole kikashuka kwenye mistari ya Mwalimu Klementi: kuingia langoni, kutoka langoni. Kuingia, kutoka. Kati ya hapo hakuna kitu. Kwenye vituo vingine tisa mtu akipewa dawa anakwenda zake, kwa hiyo lango lilitosha.

"Dakika arobaini na tano," akasema polepole. "Unawahudumia kwa dakika arobaini na tano. Hakuna kituo hata kimoja kwenye orodha yangu kilichofika hapo." Akainua uso, na macho yalikuwa yamelowa. "Haruna, ulikuwa unajua kwamba wanasubiriana?"

"Nawaona kila Jumatano kwa miaka sita."

"Mbona hukuniambia?"

Haruna akaegemea mlango. "Sikujua kama ni kitu cha kusema. Kwangu mimi hivyo ndivyo baraza lilivyo."

"Na mimi sikuuliza. Mtoto wa Milola, mama yangu mwenyewe alitembea na wenzake, nikaweka mtu langoni na saa, nikaenda zangu." Akalifunga daftari. "Wewe umekosa kusema. Mimi ndiye niliyekosea kazini."

Kina mama kumi na mmoja walisogea karibu wote kwa pamoja, wakifuatilia kwa makini sana jambo lisilowahusu.

* * *

Nyuma ya tangi, Umi alimweleza lililobaki. Makala ya utafiti ule ilikuwa imekubaliwa na jarida kubwa la nje, na kituo H ndicho kilichokuwa moyo wake. Kamati ya chuo ilikuwa inakaa baada ya wiki mbili kumpandisha kuwa mhadhiri mwandamizi, kwa sababu ya makala hiyo hiyo.

"Ukiiondoa?" Haruna akauliza.

"Nitangoja mwaka. Labda miwili. Na watasema Umi hana makini."

Haruna aliangalia chini. Kununa kote kulikuwa kumemtoka, na alilokuwa nalo sasa ni woga kwa ajili yake. "Basi iache. Halmashauri warekebishie kimya kimya, na huko nje nani atajua habari za Namkulya? Mimi nimeshakusamehe. Usijiumize."

Umi alimtazama kama mtu aliyetukanwa na ampendaye.

"Wewe, Haruna, ungempa Apolonia dawa iliyokwisha muda kwa sababu hajui kusoma kopo?"

"Hapana."

"Basi nishikie hiyo ndoo."

Alipanda. Haruna alishika ndoo kwa mikono miwili, na kutoka pale chini alimtazama mwanamke yule akiandika kwa vidole gumba kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akiifuta kwa mkono wake mwenyewe kazi ya miaka mitatu. Maneno hayakuwa mengi. *Kipimo changu kilikuwa na kosa. Kosa ni langu, si la wasaidizi wangu. Naomba makala iondolewe.* Akasita pumzi moja, akabonyeza.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

Akashuka, akakaa juu ya ndoo na kulia kwa sauti bila kujificha. Haruna alichuchumaa pembeni yake. Hakumgusa, kwa sababu kina mama walikuwa wanachungulia kona ya tangi, lakini alikaa hapo mpaka machozi yakaisha.

"Umi," akasema, "mimi nimesoma na madaktari, nimefanya kazi na madaktari. Mtu kama wewe sijamwona."

"Acha kunisifia. Nina njaa. Mama yako ana kisamvu?"

* * *

Kikao cha pili Lindi kilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita, ukumbi ule ule. Umi alivaa gauni la kitenge lenye maua ya njano. Hakuanza na nguzo.

"Mara iliyopita niliwaambia kwamba kituo H ndicho kibovu kuliko vyote," akasema. "Nilikosea. Niliacha saa langoni na sikukaa barazani. Nimerudi Jumatano nne mfululizo nikakaa barazani. Kituo H ndicho chenye huduma ya haraka kuliko vyote kumi. Ile nguzo ndefu mliyoiona ni wanawake kumi na mmoja wasiokubali mwenzao mjamzito apite njia ya tembo peke yake. Kama kuna mahali panapohitaji jengo la kujifungulia karibu, wao wametuonyesha kwa miguu yao. Na mliyemcheka, mlimcheka kwa sababu yangu. Namwomba radhi mbele yenu."

Hakuna aliyecheka. Mganga mkuu wa wilaya alivua miwani tena, na safari hii hakuifuta. Alisimama akasema jengo linakwenda Namkulya, na kwamba kwa miaka yake yote ya utumishi hajawahi kumsikia msomi akisema "nilikosea" kwenye kipaza sauti. Ukumbi ukapiga makofi. Haruna, mstari wa tatu, alipiga mpaka viganja vikawaka.

Kikao kilikwisha saa sita. Basi la Haruna lilikuwa la saa saba. Lakini Umi alizungukwa: huyu anataka ripoti, huyu anataka amfundishe mwanawe, huyu anataka picha. Haruna akakaa kwenye ngazi za nje. Saa saba ikapita, basi likapita, kondakta akamwita kwa jina, Haruna akampungia aende. Saa nane ikapita. Aliingia msikitini akasali, akanunua maandazi mawili, akala moja, la pili akalifunga kwenye karatasi.

Saa tisa Umi alitoka, mkoba begani, ushungi umelegea kwa uchovu. Akasimama.

"Haruna? Basi lako si limeondoka? Wewe umemaliza tangu saa sita, unasubiri nini hapa?"

"Namsubiri mwenzangu," Haruna akasema, akamnyooshea andazi. "Kwetu tukija pamoja tunaondoka pamoja."

Umi alilipokea andazi, hakulila. Alikaa ngazini, hatua moja kutoka kwake.

"Chuo wamenijibu," akasema. "Mwaka mmoja na nusu, ndipo niombe tena cheo."

"Nitakaa barazani."

"Unasema kweli?"

"Mama amekwisha zungumza na wajomba. Wanauliza barua ya posa waipeleke Milola lini. Mimi niliwaambia sijui, mpaka nimuulize mwenye saa."

Umi alifunika uso kwa ushungi, mabega yakatikisika, na Haruna akaingiwa na hofu kwamba analia tena. Kumbe ni kile kicheko, kikubwa kuliko mwili wake. Akafungua mkoba, akatoa daftari na kalamu.

"Umefika hapa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Na umehudumiwa?"

"Bado."

Aliandika kitu, akakifunika kwa mkono asikione, kisha akaondoa mkono. Ilikuwa tarehe, Jumamosi ya kwanza baada ya msimu wa kuokota korosho.

"Waambie wajomba waje siku hiyo, asubuhi," akasema. "Baba hapendi wanaochelewa."

Kisha akalikata andazi vipande viwili, akampa kipande kikubwa, wakakaa pale ngazini kusubiri basi la jioni.